Deli la barafu mpaka Bwisya

Jumanne, 24 Juni 2025. Sengerema hadi Mwanza

Mama yangu anaishi Bwisya, kisiwani Ukara ndani ya Ziwa Victoria, na ana kisukari cha kuchoma sindano. Anachoma asubuhi na jioni, huu mwaka wa sita. Dawa yenyewe, insulini, kabla haijafunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika. Ikikaa kwenye joto siku nyingi imeharibika pia, na kwa macho mara nyingi huwezi kuitambua, maji ni yale yale meupe. Miaka yote hii Mama ameitunza kwenye mtungi: chungu kikubwa, ndani mchanga uliolowa, katikati ya mchanga chungu kidogo chenye vichupa, na juu yake kitambaa kibichi. Kila asubuhi na kila mchana ananyunyizia mchanga maji. Baridi inayopatikana pale ni ya kisima, si ya friji. Ndiyo iliyokuwepo.

Umeme wa jua ulifika Bwisya mwaka 2016, gridi ndogo ya mwekezaji binafsi yenye paneli, betri na nguzo zake. Kwa Mama waya umevutwa mwaka huu. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu tumechanga, na sasa shule zimefungwa, napeleka friji dogo, vichupa vinne vya insulini na deli la kubebea barafu. Nafundisha Sengerema, na nyumbani sijafika tangu mwaka juzi.

Basi liliondoka saa mbili asubuhi. Tulipofika Busisi, ndani ya gari watu waliacha kuongea. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Alhamisi iliyopita, tarehe 19, na Rais Samia Suluhu Hassan, na wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kulipita tangu siku hiyo. Jiwe la msingi liliwekwa 7 Desemba 2019, enzi za Rais Magufuli, ambaye daraja limepewa jina lake. Lina urefu wa takribani kilomita 3 na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia, akaiweka magotini, akawa anahesabu nguzo kimya kimya, midomo tu inachezacheza. Hakumaliza. Tulikuwa tumeshafika Kigongo, chini ya dakika tano.

Ninawaza mwaka 2021. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliteleza juu ya mwamba akavunjika paja, tukaambiwa apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza. Tulifika feri saa kumi jioni, tukavuka saa mbili usiku. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na upande wa pili walikuwa wanasubiri kama sisi. Saa nne nzima nilishika kichwa cha yule mtoto kwenye siti ya nyuma ya gari la kukodi, nikimpa maji kwa kijiko. Maji yenyewe ya Ghuba ya Mwanza yalikuwa pale pale, ng'ambo unaiona, taa za Kigongo unazihesabu. Ndiyo maana sitamsikiliza mtu anayesema daraja hili ni la kujionyesha. Alipite kwanza akiwa na mgonjwa.

Nyegezi nilishuka, nikapanda daladala ya mjini. Njiani, Bandari ya Mwanza Kusini, meli mpya MV Mwanza inaonekana juu ya mabati ya maghala, nyeupe, ndefu. Ilishushwa majini Februari 2023, imeundwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Friji nililipata mtaani kwa shilingi laki mbili na nusu, la mtumba, kimo chake mpaka kiunoni. Muuzaji alilichomeka mbele yangu, tukasubiri robo saa, nikaingiza mkono ndani. Limeshika.

Usiku nimelala kwa mdogo wangu Igoma, si mbali na makaburi ya MV Bukoba. Meli ile ilizama 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, imekaribia kabisa Mwanza. Mdogo wangu anasema kila Mei wanakuja watu, wanasimama, wanasoma majina. Chupa sita za maji za nusu lita ziko kwenye friza lake. Asubuhi zitakuwa mawe.

Jumatano, 25 Juni. Mwanza hadi Nansio

Duka la dawa lilifunguliwa saa mbili na nusu. Mfamasia, dada mpole, aliniuliza safari ni ya siku ngapi. Nikamwambia ya kulala njiani. Akavifunga vichupa kwenye gazeti, kisha kwenye taulo dogo, akanionyesha jinsi ya kupanga: barafu chini, kadibodi katikati, dawa juu. "Isigusane na barafu, Mwalimu. Watu wengi wanaogopa joto tu, wanasahau kwamba ikiganda hairudi."

Saa tatu na nusu nilikuwa Bandari ya Mwanza Kaskazini. Chupa sita, zote ngumu.

Kuli wawili walitaka kulilaza friji juu ya magunia ya unga. Nikawaomba lisimame. Mmoja akasema meli ikiyumba litaanguka, afadhali lilale. Nikamweleza: likilala, mafuta ya kwenye compressor yanatambaa kwenye mabomba, ukiliwasha haraka linakufa. Hakubisha tena. Alitafuta kamba ya katani, akalifunga kwenye nguzo ya chuma kwa fundo la wavuvi, akalitikisa, halikusogea. "Hili sasa ni la serikali," akasema, maana yake limekaa imara. Nimefurahi kusikia neno hilo likitumika hivyo.

Tulisafiri na MV Butiama. Watoto wa visiwani wa umri wangu wanaijua meli hii tangu tukienda sekondari. Ilikaa miaka imetia nanga bila kazi, ikafanyiwa matengenezo makubwa sambamba na MV Victoria, ikarudi majini mwaka 2020. Inabeba abiria 200 na tani 100. Kabla haijarudi, msimu huu wa kiangazi, upepo unapokaza kuanzia saa tano asubuhi, watu walikuwa wanapanda boti za mbao zilizojaa mizigo mpaka ukingoni, kwa sababu meli hazitoshi na mauzo hayasubiri. Leo mawimbi yalikuwepo, watoto wawili walitapika, lakini kila mtu alikuwa na kiti na maboya ya kujiokolea yalikuwa mahali pake. Nilikwenda kuyatazama mwenyewe. Ni tabia tuliyobaki nayo watu wa Ukara, kuhesabu maboya kabla ya kukaa.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo anayekwenda Bwiro. Njia yake ya Bwiro–Bukondo ni mojawapo ya zile za ziwani zilizopangiwa vivuko vipya, pamoja na Ijinga–Kahangala, Nyakaliro–Kome na Kisorya–Rugezi. Alikuwa anajua habari zote za kivuko chao kama mtu anavyojua habari za mchumba wa binti yake. Nikamuuliza, kikija kitabadilisha nini? Akafikiri. "Nitakwenda kliniki siku ya kliniki. Sasa hivi nakwenda siku ya upepo mzuri."

Nansio tulifika alasiri. Nilifungua deli pale pale gatini: chupa nne bado ngumu, mbili zimeanza kuelea vipande ndani ya maji. Nikapata chumba, mwenye nyumba ya wageni akakubali niweke chupa zangu kwenye friza lake la soda. Saa tatu usiku umeme ukakatika. Nilikaa macho. Nilivitoa vichupa kwenye taulo, nikavishika kimoja kimoja kiganjani, nikavirudisha. Umeme ulirudi karibu na adhana ya alfajiri.

Alhamisi, 26 Juni. Nansio, Bugolora, Bwisya

Barafu ya usiku ilikuwa nusu nusu. Chupa tatu zimeganda nje, katikati bado maji. Tatu nyingine maji baridi tu. Nikazipanga hivyo hivyo.

Kutoka Nansio hadi Bugolora ni barabara ya changarawe. Nilikodi nafasi ya mzigo kwenye Noah, na hapo friji lilishindikana kusimama. Lililazwa nyuma, juu ya madumu na kuku. Dereva alikuwa kijana msikivu, kila kwenye shimo alipunguza mwendo akaniambia, "Shikilia deli lako, mama." Nimelishikilia mapajani njia nzima. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Machungwa yameiva kando ya njia, mihogo imeanikwa juu ya miamba, wanafunzi wamefunga shule wanachunga mbuzi. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, na wilaya yake ina visiwa 38. Kwenye ramani ya barabara kuu wilaya nzima ni kama kidole kilichojitenga. Upande wa Bunda lami imefika mpaka Kisorya, ukingoni mwa maji. Ukishavuka kwenda Rugezi, mwendo unabadilika, na kila unaposogea kaskazini kuelekea kwetu unapungua tena.

Leo ni Alhamisi, siku ya gulio Bugolora.

Sikuipanga. Niliipanga safari kwa likizo na kwa barafu, na tulipoingia sokoni, nikaona vitenge vimetandazwa, dagaa kwenye mikeka, ndoo za plastiki zimepangwa rangi kwa rangi, ndipo nilipojua nimeingia siku gani. Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi. MV Nyerere iliondoka hapa na watu waliotoka gulioni. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya, watu walioko nchi kavu wakiitazama. Waliofariki kwa hesabu ya serikali ni 228, waliookolewa 41, na mmoja wao alitolewa siku mbili baadaye, alikuwa amekaa kwenye hewa iliyobaki ndani ya meli. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa amekwenda kuuza viazi na kununua sare za watoto. Alipatikana Jumamosi.

Mimi siku ile nilikuwa darasani, napanga viti vya mtihani. Kaka alinipigia, akasema neno moja tu, "Kivuko," akakaa kimya, na mimi nikamwelewa.

Tangu hapo Mama havuki maji. Hajawahi kusema kwamba hatavuka. Kila tukimwita Nansio kwa ajili ya dawa, siku hiyo mguu unamuuma, au kuku anaatamia, au mgeni anakuja. Tumeacha kumsukuma. Kwa hiyo kila dawa, kila kipimo, lazima kimfuate yeye.

Kivuko cha sasa ni MV Ukara II Hapa Kazi Tu, kilichoundwa Mwanza, kikaanza kazi baada ya msiba ule. Kinabeba watu 300 na magari 10. Nilisimama kwenye foleni kuanzia saa sita. Upepo ulikuwa mkali, tukaambiwa tusubiri utulie, na hakuna aliyenung'unika. Hapa watu hawanung'uniki wakiambiwa upepo. Lakini deli langu lilikuwa juani. Mama mmoja muuza samaki aliniona nikilizungushia kanga, akauliza nina nini, nikamwambia dawa ya sukari ya Mama. Akanyanyua turubai la kichanja chake, akasukuma ndoo ya sato, akasema, "Weka hapa, kwenye kivuli cha samaki wangu." Akachota barafu ya kwake, vipande viwili vya kiganja, barafu aliyoinunua ili samaki wake wafike salama, akanipa. Nikataka kumlipa. Akanikatalia. "Nami nina mama," akasema.

Nikajaribu kumwambia asante akawa ameshageuka kwa mteja.

Tulivuka baada ya saa tisa. Wahudumu walihesabu watu kwa kidole mlangoni, mmoja mmoja, na waliozidi kwenye mstari walibaki kusubiri awamu nyingine. Kijana mmoja mbele yangu alibaki, alikuwa na gunia la mkaa. Alikaa juu ya gunia lake, basi. Kuhesabiwa kule, kwangu mimi, kuna thamani kuliko chuma chote cha kile kivuko. Kivuko kizuri kikijazwa kupita kiasi ni MV Nyerere nyingine.

Tulipofika mahali pale karibu na gati, kelele zilipungua. Wanaume wawili walisimama. Ukimya wa namna hiyo haufundishwi, ila watoto waliozaliwa baada ya 2018 wanaujua.

Kaka na wanawe walikuwa wanasubiri. "Shangazi, friji liko wapi?" Hawakunisalimia kwanza, na sikuwakemea. Mama alikuwa mlangoni. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Pole na maji." Hakuuliza friji. Alichukua deli mikononi mwangu, akakaa nalo kigodani, akafungua. Tuliinama wote. Katika chupa sita, moja ilikuwa na kipande cha barafu cha ukubwa wa yai la kuku, na vile vipande vya muuza samaki vimebaki vya ukubwa wa sarafu. Nyingine zote maji. Lakini maji yalikuwa baridi, na vichupa nilivyovigusa vilikuwa baridi.

Siku mbili tangu duka la dawa la Mwanza, na barafu ya ukubwa wa yai. Hicho ndicho kipimo changu. Bilioni nazisikia redioni, kilomita nazisoma kwenye mabango. Mimi barabara, meli na umeme wa huku kaskazini mwa Ukerewe nimevipima kwa barafu. Kama lami ingekuwepo Nansio hadi Bugolora, kama umeme usingekatika usiku, kama pale kwenye foleni kungekuwa na kibanda cha kivuli, zingefika chupa tatu.

Ijumaa, 27 Juni. Bwisya

Friji limesimama pembeni ya kitanda cha Mama, halijawashwa. Kwa kuwa lililazwa kwenye Noah nimesema lipumzike siku nzima mafuta yatulie. Watoto wa Kaka hawaelewi, wanapita kila baada ya dakika tano wanafungua mlango, wananusa, wanafunga. Vichupa viko kwenye mtungi. Wifi amepika ugali wa muhogo na sato wa asubuhi.

Mchana nilizunguka shambani. Ukara pana watu wengi kwenye ardhi ndogo, na tangu zamani Wakara hawaachi shamba likalala: ng'ombe hukaa ndani, samadi inabebwa kwa vikapu mpaka shambani, makinga maji ya mawe kila mteremko. Babu zetu walijenga miundombinu yao kwa mikono. Natamani maafisa wanaokuja kwa saa mbili na kurudi wangepelekwa kwanza kwenye makinga maji, waone kwamba hapa hawaleti maendeleo mahali patupu.

Jumamosi, 28 Juni. Bwisya

Jana saa kumi na moja jioni Kaka alichomeka. Friji likaguna, likatikisika kidogo, likaanza kuunguruma taratibu. Mama aliweka kiganja ubavuni mwake kama anavyoshika ng'ombe. Tulikaa kimya sote tukilisikiliza.

Asubuhi nilimsindikiza Mama kituo cha afya kupima sukari. Tulipitia makaburini kwanza, ndiyo njia yake ya kila siku, anapita kwa mdogo wake. Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alikuja kwenye mazishi yale, Jumapili ya tarehe 23 Septemba. Mama aling'oa majani mawili matatu, akasema maneno yake, tukaondoka.

Kituo cha Afya Bwisya kilipanuliwa kwa fedha za rambirambi. Watanzania walichangia msiba, na zilizobaki baada ya mazishi na mikono ya pole zikaelekezwa hapa kwa agizo la Rais Magufuli. Ni majengo mazuri, safi, korido pana, akina mama wanajifungulia hapa. Wifi amejifungua mtoto wake wa mwisho hapa, bila kuvuka. Nikikaa kwenye benchi lile nashukuru na koo linaniziba kwa wakati mmoja. Mama mdogo yuko kwenye ukuta huu. Nashukuru kwa kila tofali, na bado nasema kwa sauti: huduma isije kwetu kwa mlango wa rambirambi. Ingekuja kwa bajeti, kwa mpango, mwaka 2010 au 2015, kivuko cha watu 300 kikiwa kimetangulia. Uwezo wa kukijenga ulikuwepo, kimejengwa hapo hapo Mwanza na mafundi wetu.

Muuguzi alimpima Mama, akaandika, akasema imeshuka vizuri. Nikamuuliza kwa nini vichupa vya Mama havikuweza kukaa kwenye friji la kituo miaka hii. Akanielekeza kwa upole: lile ni la chanjo, haliingizwi kitu kingine, likifunguliwa ovyo chanjo za watoto wa kisiwa kizima zinaharibika. Nilimwelewa. Nikamuuliza, na usiku mgonjwa akizidi? Akatazama dirishani, kuelekea maji. "Tunatafuta boti. Boti ikipatikana, tunatafuta mafuta. Mafuta yakipatikana, tunaangalia ziwa." Bado hajanywa chai, nikaona, na foleni nje ilikuwa ya watu zaidi ya ishirini.

Sidai daraja la Ukara. Nimelipita la Busisi na najua gharama yake na najua linabeba nani: malori ya Geita, mabasi ya Bukoba, wasafiri wa kwenda Rwanda na Burundi, na mwanafunzi wangu mwenye paja lililovunjika angekuwa mmoja wao. Ninachokidai kiko ndani ya uwezo. Boti ya wagonjwa inayolala Bwisya, ikiwa na nahodha na mafuta, iwe usiku iwe mchana. Insulini iwe kwenye orodha ya dawa zinazofika hapa kila mwezi, na friji la dawa lisilo la chanjo. Bei ya umeme wa visiwani, ambayo iliwahi kuwa mara kadhaa ya ile wanayolipa ndugu zetu wa bara, isirudi kule, kwa sababu Mama akishindwa kulipa tunarudi kwenye mchanga. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, itakapomfikia, imkute dawa ipo upande huu wa maji. Kadi ya bima haivuki ziwa usiku.

Hayo nimeyaandika pia kwenye barua, Kaka ataipeleka kwa diwani Jumatatu. Nimeiandika kwa mkono, kurasa mbili.

Jumapili, 29 Juni. Bwisya

Naondoka na kivuko cha asubuhi. Nilipoamka friji lilikuwa linaunguruma. Nilifungua, vichupa vinne viko kwenye rafu ya katikati, vimepangwa kwenye kikombe cha chai, mbali na ubaridi wa juu, kama nilivyomwelekeza. Watoto walikuwa wameweka maji kwenye vifuko vidogo, vimeganda, kila mmoja amefunga chake kwa uzi wa rangi yake wasigombane.

Mama hakuwa ndani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya mtungi, kata mkononi, ananyunyizia mchanga maji.

"Mama, dawa ziko kwenye friji."

"Najua," akasema, akachota kata nyingine. "Na umeme ukikatika?"